Cucu Huanza kwa Salamu

Shuleni, Thika
9 Februari 2025

Kwa Tata yangu Rachael,

Mwalimu Barasa anayetufunza Kiswahili ameagiza kila msichana wa kidato cha tatu amwandikie jamaa yake barua ya kweli, si ile ya mtihani yenye shangazi wa kubuni. Alitaka tuandike "shangazi". Nilimwomba radhi nikamweleza kwamba wewe ni Tata, na mama yako ni Cucu, na sijui kuwaita vingine. Alicheka akaniruhusu.

Hujambo huko Ruiru? Mimi sijambo. Bwenini maji yamerudi, tunamshukuru Mungu. Baba amerudishwa zamu ya mchana kiwandani, kwa hiyo siku hizi anakula chakula cha jioni pamoja na Mama. Nyumbani Gatuanyaga mvua haijanyesha, na vumbi limeingia hata ndani ya kabati la vyombo. Mbuzi wa Cucu, yule mwenye sikio lililokatika, amezaa mapacha. Nasikia umehamia nyumba ya juu kule Mwihoko. Cucu aliuliza kama ngazi zake zina mahali pa kushika. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeziona.

Sasa jambo lenyewe, Tata.

Mwezi wa Desemba Cucu alianguka kwenye zizi la mbuzi. Jirani yetu Nzioki alitupeleka hospitali kwa pikapu yake ya kubebea nyasi, Cucu na Mama mbele, mimi nyuma. Kabla ya kuondoka Cucu alitaka kwanza avae kitambaa chake cha kanisani, kwa kuwa daktari si mtu wa kuendewa ovyo.

Daktari tuliyemkuta kasualti, kwenye idara ya dharura, alikuwa kijana. Alimwambia, "Shosho, habari?" Cucu akajibu kwamba ni nzuri, akamwuliza kama wazazi wake wako salama. Lakini daktari alikuwa ameshanigeukia mimi. Aliniuliza umri wa Cucu. Niliposema themanini na moja aliweka kalamu chini, Tata. Niliiona ikilala mezani. Akasema, "Huo ni uzee tu. Uzee hauna dawa." Alitupa vidonge vya maumivu ya magoti, vilevile ambavyo Cucu hununua kwenye duka la dawa, tukarudi nyumbani. Nilitaka kumjibu, lakini Mama alinifinya.

Tangu siku hiyo Cucu ameapa kwamba hatakanyaga tena mahali wanapouliza miaka kabla ya kuuliza maumivu. Na hali yake si nzuri. Akiinuka anashika ukuta. Kutoka mlangoni hadi zizini lazima apumzike njiani. Nilipokuwa nikirudi shule nilimwacha ameketi mlangoni asubuhi, na wewe unajua Cucu haketi asubuhi.

Wewe ni daktari wa kasualti. Nakuuliza kwa heshima: mlifunzwa kwamba uzee ni ugonjwa? Kama ni ugonjwa, mbona hautibiwi? Na kama si ugonjwa, alikuwa anamtibu nani?

Mtoto wa ndugu yako,
Wamboi


Ruiru
3 Machi 2025

Maitu wangu,

Barua yako ilikaa posta kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho kufungua lile sanduku. Nimesahau Kiswahili cha kuandika. Nisahihishe kwa kalamu nyekundu ukipenda.

Mimi ni mzima. Nilipanda sukuma wiki kwenye ndoo hapa kibarazani na wadudu wamekula zote. Ngazi zina mahali pa kushika. Mwambie Mama, Cucu wako. Mwambie pia anywe maji, apunguze kuinama.

Kuhusu yule daktari: simjui, kwa hiyo sitamtetea wala sitamtukana. Nitakuambia tu jinsi kulivyo, kwa kuwa umeuliza kama mtu mzima. Chuoni tulizunguka wodi za watoto mwezi baada ya mwezi. Kuhusu wazee tulipewa mhadhara mmoja, Ijumaa alasiri, na nusu ya darasa walikuwa wameshaenda nyumbani. Kisha unatupwa kasualti. Akiletwa kijana aliyegongwa na bodaboda, najua mkono wangu uanzie wapi. Akiletwa mzee, anakuja na magonjwa matano, mfuko wa dawa asizozijua, na binti anayejibu kwa niaba yake. Namwuliza ana nini, ananiambia yuko sawa. Huku nje watu wanapiga kelele. Wazee hawasemi jambo la kukusaidia, Maitu. Wanakuacha ubahatishe.

Watu wanadhani tunawachukia. Hatuwachukii. Tunawaogopa. Mtu akiogopa husema, "Ni uzee," kwa sababu hilo halimhitaji afanye kitu.

Soma kwa bidii. Achana na kalamu ya yule daktari.

Tata Rachael


Shuleni, Thika
14 Machi 2025

Kwa Tata Rachael,

Natumaini barua hii itakufikia mapema kuliko ile ya kwanza. Mimi ni mzima. Tulishindwa mpira wa vikapu na shule ya jirani, na Shiko wa bwenini kwetu ameteguka kifundo. Muuguzi wa shule alimwuliza kinauma wapi, kilianza lini, akikanyaga kikoje. Hakumwuliza miaka.

Baba alikuja siku ya wazazi. Anasema Cucu ameanza kula nusu ya chakula na kusukuma sahani. Kila mtu akimwuliza, yeye yuko sawa.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nakushukuru kwa kuniambia ukweli, lakini sikubali. Mimi naogopa Hisabati. Mwalimu wa Hisabati haniruhusu kuandika kwenye karatasi kwamba hesabu imezeeka. Ananiambia nianze upya, pole pole, kutoka mstari wa kwanza. Kama mnaogopa wazee, si ndiyo sababu ya kukaa nao zaidi? Na unasema hawasemi jambo la kusaidia. Cucu husema mambo mengi sana. Anasema hadi mbuzi anamsikiliza.

Sasa naandika jambo ambalo nimelifuta mara kadhaa. Tangu nizaliwe unaniita Maitu, mama, kwa sababu nilipewa jina la Cucu, na kwetu aliyepewa jina ndiye yuleyule amerudi. Nikiwa mdogo ulikuwa unapiga magoti kunivalisha viatu na kuwaambia wageni kwamba unamvalisha mama yako. Kama ni kweli, mimi si mtoto wa kuambiwa achana na kalamu. Kama ni kweli, naagiza: njoo nyumbani umwone. Umpime kama ungempima mtu wa miaka arobaini.

Na kwa nini huji? Krismasi hukuja. Hata mapacha wa mbuzi hujawaona.

Sina nia ya kukukosea adabu. Lakini sitaifuta tena.

Wamboi


Ruiru
31 Machi 2025

Maitu,

Nimeipata. Niko zamu Pasaka nzima, na wiki inayofuata pia.

Daktari hatibu mama yake. Si kiburi, ni kanuni. Jicho la mtoto halioni sawasawa. Baba yako Gachau ampeleke hospitali ya karibu naye aeleze vizuri. Namtumia Mama sweta ya buluu, ile aina ya vifungo vikubwa asihangaike navyo.

Mfunge shule salama.

Tata Rachael


Shuleni, Thika
4 Mei 2025

Kwa Tata Rachael,

Hujambo? Tumefungua shule na nimewekwa kiranja wa maktaba. Sweta ilifika. Inamtosha Cucu mabegani, na vifungo anavifunga mwenyewe. Baba na Mama wanakusalimu. Mvua imenyesha hatimaye, na barabara yetu sasa ni tope badala ya vumbi.

Najua ulikuwepo siku ile tulipokuja hospitalini kwenu. Lakini wewe ulikuwa upande mmoja wa pazia na sisi upande mwingine, na tangu wakati huo hakuna aliyezungumzia upande wetu. Kwa hiyo naandika.

Nilipofika nyumbani kwa likizo, Cucu alikuwa ameniwekea viazi vitamu jikoni. Alisimama anipakulie, akakaa chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Midomo yake haikuwa na rangi. Nilisema twende hospitali. Alikataa. Nikamwambia si kule Thika, ni Ruiru, kwa Rachael. Hapo akaomba kitambaa chake cha kanisani. Kwa hiyo jua hivyo, Tata. Hakuja hospitali. Alikuja kwako. Mimi ndiye niliyemwahidi.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Baba alitaka kupiga, nikamwomba asipige. Nilitaka aingie kama mama wa mtu yeyote.

Tuliketi kwenye benchi pamoja na wazee wengine. Tabibu wako, yule dada Dorine, alikuja na daftari lake. Hakuwa mkali, sisemi hivyo. Alisema, "Shosho, habari?" Cucu akasema ni nzuri, akamwuliza kama ameamka salama, na kama kwao mvua imefika. Dorine aliandika akaenda. Cucu alikuwa bado amefungua mdomo.

Hapo ndipo nilipoelewa, Tata, na kama wewe ulishaelewa zamani basi nisamehe. Cucu hazungumzi bure. Anafanya kama barua. Kwanza salamu, halafu habari za nyumbani, halafu ndipo jambo lenyewe. Ndivyo alivyolelewa, kwamba mtu hamwagi shida zake mbele ya mgeni ambaye hata hajajua kama mama yake yu hai. "Nzuri" haikuwa jibu. Ilikuwa mlango. Ninyi mnasoma mstari wa kwanza mnaikunja barua, kisha mnasema wazee hawasemi kitu.

Kisha tukasikia sauti nyuma ya pazia ikiuliza umri. Dorine akasema themanini na moja. Sauti ikauliza analalamika nini. Dorine akasema halalamiki, anasema yuko sawa, ila mjukuu anadai anaanguka. Hakutaja jina. Wote ni shosho.

Sauti ikasema, "Wote huanguka. Mpe ya maumivu aende, nahitaji hiyo nafasi."

Nilimtazama Cucu. Alikuwa ametulia, anapapasa vifungo vya ile sweta. Hakuna mama asiyejua sauti ya mtoto wake.

Niliinuka nikafungua pazia. Mgongo wako ulikuwa umenielekea. Nilikuita Rachael. Sikuweka Tata mbele yake, na sijutii. Ukaitika, "Ii, Maitu," kabla hujageuka.

Nikakuambia, "Mama yako yuko kwenye benchi."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi: jinsi ulivyovuta kope lake chini na ndani kukawa kweupe kama utando wa yai, na jinsi ulivyochuchumaa mbele yake ukamwacha amalize salamu zote, hata ya mbuzi. Ndipo akakunong'oneza kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami tangu kabla ya Krismasi. Alikuwa anangoja aulizwe na mtu asiye na haraka. Kumbe vile vidonge vya magoti vilikuwa vikimchoma tumbo, naye anavuja damu ndani kwa ndani. Vidonge ambavyo yule kijana wa Desemba alimwongezea. Na wewe, Tata, ulikuwa umesema apewe vingine.

Aliongezwa damu, akapata rangi, tukarudi naye nyumbani. Nakushukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote. Lakini umemwandikia arudi mwisho wa Juni apimwe damu tena, naye ameniambia hatarudi. Hakasiriki. Anasema tu kwamba kwenye benchi lile alisikia alichosikia.

Sijui nimwambie nini. Wewe ndiwe uliyesema.

Wamboi


Ruiru
22 Juni 2025

Maitu,

Nimekaa na barua yako kwa muda mrefu. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la kazi na imepata doa la aiodini. Usidhani sikuisoma.

Salamu kwanza, kama ulivyonifunza. Mimi sijambo. Nimepanda sukuma upya, safari hii zimeota. Jirani wa chini, mama mmoja kutoka Kakamega anayeitwa Perez, huzimwagilia nikiwa zamu. Sikuwa nalijua jina lake hadi mwezi uliopita. Habari za kazi ni kwamba Dorine amekataza neno shosho kwenye daftari. Anaandika majina yote mawili. Pia tumeleta stuli fupi, kwa sababu daktari aliyesimama hasalimiwi vizuri. Akija mzee, mmoja wetu anaketi, na salamu zinafika mwisho. Huchukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Wiki iliyopita mzee mmoja wa hapa Ruiru alinieleza mambo ya wajukuu wake wote, na baada ya mjukuu wa mwisho akataja, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba kifua kinambana tangu alfajiri. Alikuwa na shida ya moyo. Zamani ningemrudisha nyumbani na jibu la "nzuri."

Mkuu wa zamu alilalamika kwamba stuli inachelewesha foleni. Nilimwambia kwamba foleni ni ya watu. Alisema ataniripoti. Nikamwambia aripoti, na aandike jina langu vizuri. Stuli bado ipo.

Swali lako la Machi, kwa nini siji nyumbani, sijalijibu, na sitalijibu kwa barua.

Sasa jambo lenyewe. Damu ya Mama lazima ipimwe. Ikishuka tena bila sisi kujua, hatapata onyo la pili. Nimempigia Gachau simu, Mama hataki kuja kwenye simu. Anamwambia aniambie yuko sawa. Sasa hivi naogopa hilo neno kuliko neno lolote la hospitali. Sina maneno ya kumwambia yatakayopita mbele ya yale aliyoyasikia. Wewe una jina lake. Mwulize angetaka nini, na chochote atakachosema, mwambie ndiyo.

Rachael


Shuleni, Thika
30 Juni 2025

Kwa Tata Rachael,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimerudi leo kutoka likizo fupi ya katikati ya muhula. Mahindi ya Mama yamefika magotini. Pacha mmoja wa mbuzi amejifunza kufungua lango kwa pua, na Nzioki anasema atatushtaki kwa sababu ya maharagwe yake. Baba anasema Nzioki akishtaki, yeye ataleta hesabu ya nyasi anazokata shambani kwetu. Mwalimu Barasa amenipa alama nzuri kwa barua, ingawa hakuzisoma zote. Nilimwonyesha ya kwanza tu. Nyingine nilimwambia ni za familia. Pia nimejaza fomu ya klabu ya sayansi. Mahali pa "unataka kuwa nani" niliandika daktari wa kasualti. Wengine waliandika daktari wa moyo au wa watoto, wakaniuliza kwa nini nimechagua palipo na kelele. Nikawaambia ndipo watu wanapofikia kwanza.

Nilimsomea Cucu barua yako kibarazani, nikiitafsiri kwa Kikuyu kadiri nilivyoweza. Aliposikia ya mkuu wa zamu alicheka hadi akashika tumbo. Aliposikia ya stuli aliniuliza ni ya miguu mitatu au minne. Sikujua, nikasema mitatu.

Nilimwuliza angetaka nini. Akamwita mbuzi, mbuzi akaja. Nilidhani amesahau swali, na nilitaka kuliuliza tena, lakini nikajizuia, kwa sababu mimi nimejifunza.

Halafu akasema hataki uje kumchukua kwa gari, na hataki kupitishwa mlango wa nyuma kwa sababu ni mama wa daktari. Atakuja Jumamosi na Nzioki. Ataketi kwenye benchi lilelile, mahali palepale. Ataitwa kwa jina lake, majina yote mawili, na atakayekuja kukaa kwenye stuli awe wewe. Anajua kanuni yako kuhusu mama wa daktari. Anasema damu ipimwe na mwingine. Yeye anataka kusikilizwa na wewe.

Nikamwuliza kama basi nikuandikie kwamba amekusamehe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri.

"Mwandikie nitakuja," akasema. "Na nitamsalimu mpaka mwisho. Akikatiza, naanza upya."

Wamboi